Mwaka Theluji Iliponisusa

Nilirudisha funguo zangu za kazi siku ya Ijumaa, na Jumatatu yake alfajiri nilikuwa nimesimama dirishani kwangu Rågsved, kitongoji cha Stockholm, nimevaa soksi, nakagua ngazi za watu. Mke wangu, Mama Zuhura, akaniuliza kutoka kitandani, "Sasa unalinda nini?" Ukishatazama ngazi miaka ishirini na kitu, macho hayapewi barua ya kustaafu.

Basi nimekaa kuandika. Nawaandikia nyinyi mlioingia juzijuzi kwenye kazi hii ya kutunza majengo, ambao naambiwa siku hizi simu ndiyo inayowaeleza kesho kutakuwaje. Hongereni sana. Sitawasimulia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halikutokea, na la pili haliwahusu. Nitawasimulia habari za koleo, za tambara la deki, na za majira ya baridi ya mwaka mmoja ambayo theluji ilikataa kuja, nami nikafanya jambo ambalo Mama Zuhura hulitaja kila tukigombana, hata tukigombania chumvi ya mchuzi.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nililetwa Uswidi kijana, nina cheti changu cha kidato cha nne mfukoni, kujifunza ufundi wa mashine za karatasi. Mafunzo yakaisha, kiwanda kikafungwa, wenzangu wakatawanyika, mwingine hadi Kanada. Mimi si mtu wa safari. Katika maisha yangu ya Stockholm nimehama mara moja tu, kutoka jengo moja la Rågsved kwenda jengo la pili yake, ng'ambo ya uwanja wa bembea, na hata hapo niliumwa kichwa wiki nzima. Kazi ya kutunza majengo niliipenda kwa sababu hiyohiyo. Kutoka kitandani hadi chumba cha vifaa ni hatua mia mbili, na njiani huvuki barabara.

Siku ya kwanza theluji ilikuwa magotini. Nilipokelewa na Mfini mmoja aitwaye Veikko, mzee mwembamba ambaye kwa siku nzima aliweza kutumia maneno kumi na moja, na mawili kati ya hayo yalikuwa salamu. Alinipa koleo, akanionyesha ngazi namba tisa, akaondoka. Nikafanya kazi kama ninayechimba kisima. Niliporudi nyuma kujisifu, Veikko alikuwa amesimama kando yangu.

"Na huyo wa ndani," akasema, "atatokea wapi?"

Nilikuwa nimeirundika theluji yote mbele ya mlango mdogo wa kando, ule wa nyumba ya chini. Mwenye nyumba alikuwa anagonga kioo cha dirisha kwa kijiko. Huyo ndiye Majken, wakati ule mama wa makamo mwenye nywele fupi. Nilitumia nusu saa kumfukua. Nilipomaliza alifungua dirisha, akanipitishia kikombe cha kahawa na andazi lao lile la kuviringisha lenye iliki. Nikanywa nimesimama, buti zimezama kwenye theluji, mvuke unanipanda puani. Tangu siku hiyo ikawa desturi: theluji ikianguka nasafisha ngazi namba tisa, dirisha linafunguka, kahawa inatoka. Miaka ishirini karibu. Sikumbuki siku ya harusi yangu vizuri kama ninavyokumbuka lile dirisha, na hilo nalo Mama Zuhura analijua.

Veikko alinifundisha polepole, kwa sababu maneno kumi na moja kwa siku hayafiki mbali. Theluji husukumwa, hainyanyuliwi. Anayeinyanyua atastaafu na mgongo wa mtu mwingine. Koleo lipakwe mshumaa, kipande chochote, kwenye bati lake, theluji isinate. Changarawe imwagwe kwa mkono unaozunguka kama unalisha kuku, siyo kutupwa kwa hasira. Majira ya baridi ya tatu ndipo aliponionyesha tambara.

Lilikuwa tambara la deki la kawaida, la kijivu. Alasiri moja, mvua imekatika na mawingu yameanza kupasuka, alililowesha, akalikamua, akalitandaza kwenye ngazi ya chini kabisa. Ukutani pale chumba cha vifaa kipimajoto kilisema digrii tatu juu ya sifuri. Tukanywa chai. Baada ya muda aliliinua kwa ncha moja, nalo likainuka zima, limekakamaa kama chapati iliyolala.

"Kipimajoto kiko ukutani," Veikko akasema. "Watu hawatembei ukutani."

Akanieleza kwamba mbingu ikiwa wazi, jiwe hupoteza joto lake mapema kuliko hewa, na siku hatari si zile za theluji nyingi ambazo kila mtu anatembea kama bata. Hatari ni siku nzuri. Akanipa lile tambara. Alipostaafu alisema sentensi yake ndefu kuliko zote: "Utakapopata mtu wa nyuma yako, mpe." Nikasema sawa. Kusema sawa ni rahisi wakati huyo mtu hajaja.

Alikuja vuli moja, na jina lake Deo.

Deo alizaliwa Burundi akakulia kambini kule Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri na adabu yake ilikuwa nzuri zaidi, jambo lililoniudhi tangu mwanzo. Siku ya kwanza alinipa mkono kwa mikono miwili. "Mzee Athumani," akasema, "mimi na wewe ni watu wa reli moja. Treni ya Kigoma lazima ipite kwenu." Ni kweli inapita Tabora. Lakini nilijiambia, anayepita kwa mtu si lazima ashuke.

Alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio, hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Alipanga chumba kwa watu kule Hallunda, upande mwingine wa jiji, akija kazini anabadilisha treni stesheni ya Slussen wakati mimi bado naota. Mkewe, Espérance, na mabinti zake wawili walikuwa bado Kigoma. Hakunificha kitu. Alisema bila barua ya ajira ya kudumu hakuna mwenye majengo atakayempa mkataba wa nyumba, na bila nyumba atawaleta watoto wake walale wapi, juu ya begi? Kila kitu chake kilikuwa kimening'inia kwenye miezi ile sita. Nilikuwa najua. Naliandika hili mapema msije mkafikiri sikujua.

Wiki hiyohiyo kampuni ilileta trekta jipya. Dogo, jekundu, lina kibanda cha vioo, kiti chenye joto, na bati la mbele la kusukumia theluji. Msimamizi wetu, mama mmoja wa Kiswidi mtaratibu, akamkabidhi Deo ufunguo, maana alikuwa na leseni. Mimi nilipelekwa kozi ya trekta mara mbili. Mara ya kwanza niligonga nguzo. Mara ya pili niligonga nguzo, na ilikuwa ileile. Kwa hiyo sikuwa na la kudai. Lakini kukosa haki hakujawahi kumzuia mtu kuwa na wivu. Mimi ndio kwanza kulinichochea.

Kisha msimamizi akagawa ngazi. Namba za shufwa zangu, za witiri za Deo. Hesabuni wenyewe namba tisa iliangukia wapi.

Mama Zuhura alipoona sili vizuri aliniuliza kuna nini. Nikamwambia wamempa kijana trekta lenye kiti cha moto.

"Wewe si una kiti hapo?" akasema, akionyesha kochi. "Kina moto saa zote, hukiachi."

Nikaanza kuomba theluji isianguke. Nawaambia kweli, niliiombea isije kwa moyo wote, kuliko nilivyowahi kuombea mvua ije kule kwetu. Nilitaka akae ndani ya kile kibanda chekundu akipangusa vioo hadi achoke. Na theluji, ambayo miaka yote haikunisikiliza, safari hii ikasikia. Mwezi wa kumi na moja ilianguka alasiri moja, nyepesi kama unga uliopulizwa na mtoto, ikayeyuka kabla ya chakula cha jioni. Mwezi wa kumi na mbili ilinyesha mvua. Krismasi majani yalikuwa ya kijani, na kwenye kitanda cha maua mbele ya ngazi namba nne kulitokea vichipukizi vilivyokosea kalenda. Waswidi wakawa wanatembea wamenuna, maana theluji ndiyo taa yao. Bila hiyo giza la saa tisa alasiri ni giza kweli. Koleo langu lilikaa pembeni na mshumaa wake. Trekta likakaa gereji.

Wiki mbili za kwanza nilifurahi sana. Nikipita gerejini nasema, "Deo, gari linaendeleaje?" Naye anacheka, "Limelala, Mzee. Linaota Kiruna, kule kaskazini kwenye theluji."

Halafu nikagundua kosa langu. Theluji ndiyo iliyokuwa cheo changu. Mwaka mzima mimi ni mtu wa kufagia na kubadilisha taa, lakini theluji ikianguka watu hunitafuta, hunishukuru, hunifungulia madirisha. Bila theluji, Athumani ni nani? Mtu mwenye ndoo. Na Deo, ambaye hana la kuendesha, hakukaa kupangusa vioo kama nilivyopanga. Akaanza kutengeneza vitu. Mlango wa chumba cha kufulia uliokuwa unalia miaka minne, akaunyamazisha. Baiskeli za watoto. Bomba la pazia la mama wa orofa ya tatu. Watu wakaanza kumwita kwa jina, kwa lafudhi mbaya lakini kwa mapenzi: "Deo! Deo!" Mimi miaka ishirini wananiita "Hej," yaani hujambo tu.

Siku moja alinikuta chumba cha vifaa, kinywa chake kinanukia iliki.

"Mzee, yule bibi Majken anakusalimu."

"Ananisalimu?"

"Sana. Nilikuwa kwake namfungia rafu ya jikoni. Ana andazi, Mzee, lina iliki kama la nyumbani kabisa!"

"Najua lina iliki."

"Na picha ukutani, za marehemu mumewe kwenye mashua ya..."

"Umeona ukuta? Umeingia ndani?"

"Sasa rafu ya jikoni ningeifungia nje?"

Nilichukua ufagio nikatoka. Miaka ishirini mimi nimekunywa kahawa dirishani kama mtu anayelipia tiketi. Yeye miezi mitatu tu, ameshakaa mezani anatazama picha. Usiku ule sikusema neno nyumbani, na Mama Zuhura akasema hajawahi kupumzika vile.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano katikati ya majira hayo yasiyo na majira. Asubuhi ilinyesha mvua ya kawaida, ngazi zote zimelowa. Saa nane mvua ikakatika. Saa tisa nikatazama juu nikaona anga imepasuka upande wa magharibi, rangi yake kama chuma kilichosuguliwa. Mkono wangu wenyewe, kwa mazoea, ukachukua tambara, ukalilowesha, ukalitandaza ngazi ya chini ya namba nne. Saa kumi kasorobo nikaliinua. Kingo zake zilikuwa zimekakamaa.

Nikalikunja nikaliweka mfukoni, likanivunjikia taratibu pajani.

Deo alikuwa anavaa koti lake awahi treni. Alitazama kipimajoto ukutani. "Digrii tatu juu," akasema. Kisha akanigeukia, maana hakuwa mjinga, alijua mimi nimeona miaka. "Mzee, kesho vipi? Nije mapema?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kutimiza lile neno nililomwambia Veikko. Tambara lilikuwa mfukoni linayeyuka. Nikamwona Deo, koti limefungwa vizuri, anapendwa na kila mlango. Nikasema:

"Kesho ni kama leo. Lala."

"Asante, Mzee." Akaenda zake.

Asubuhi nilifika mapema kuliko kawaida. Ngazi zote ziling'aa kama zimepakwa yai. Nikachukua ndoo, nikalisha kuku wangu: namba mbili, namba nne, namba sita, hadi mwisho. Nilipofika kwenye sanduku la changarawe mara ya mwisho, nilisimama nikazitazama ngazi za witiri. Namba tisa ilikuwa mbele yangu kabisa. Ingenichukua dakika tatu. Nikajiambia, atafika saa moja, atajionea mwenyewe, atajifunza. Nikabeba ndoo yangu imejaa, nikaingia chumba cha vifaa, nikachemsha kahawa. Ilikuwa chungu.

Saa moja ikiwa bado kidogo, kupitia kile kidirisha kidogo, nikaona taa ya mlango wa namba tisa inawaka. Siyo mlango wa kando. Mlango mkubwa, wa ngazi. Majken akatoka. Alikuwa amezeeka wakati huo, ana fimbo. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine chupa ya kahawa, na kwapani kifuko cha karatasi ambacho sihitaji kuwaambia kilikuwa na nini. Alikuwa anampelekea Deo kahawa kazini. Mpaka kazini!

Nataka muamini kwamba wazo la kwanza lililonijia lilikuwa usalama wa yule bibi. Lilikuwa la pili.

Lakini lilipokuja lilikuja na miguu. Nilitoka mbio na ile ndoo mkononi, nikipiga kelele kwa Kiswahili, "Simama! Simama hapo hapo!" Majken alisimama, unyayo mmoja hewani. Hakuelewa hata neno. Ila alikuwa hajawahi kunisikia nikipaza sauti, akataka kujua nina nini. Nikapanda ngazi ya kwanza. Nikapanda ya pili. Ya tatu haikunipokea. Nilianguka kwa mkono wa kulia, nikasikia kitu ndani kikisema tak, kama kuni kavu, na ndoo ikapinduka, na changarawe ikatawanyika ngazi nzima vizuri kuliko nilivyowahi kuimwaga katika utumishi wangu.

Deo alitokea kona ya jengo akanikuta nimelala hapo, Majken amesimama juu yangu na chupa, anasema kwa Kiswidi, "Maskini, maskini, chukua andazi." Deo alitazama ngazi. Akatazama ng'ambo, ngazi zangu, zote zina changarawe. Akanitazama. Alinifunga mkono na skafu yake, akamwaga changarawe ngazi zote za witiri akikimbia, kisha akaita teksi tukaenda hospitali.

Pale tulikaa kwenye viti tukingoja namba yetu. Msimamizi alikuwa amempigia simu: ripoti ya ajali ijazwe leo leo. Mkono wangu wa kuandikia ulikuwa umevimba kama muhogo, kwa hiyo Deo ndiye aliyeshika kalamu.

"Mahali?"

"Ngazi namba tisa."

"Saa?"

"Saa moja kasoro dakika chache."

"Sababu?"

"Barafu."

Akaandika. Akasoma mstari unaofuata kimya, kisha kwa sauti: "Ajali hii ingezuilika vipi?"

Alishusha karatasi. Akasema taratibu, "Hapa nitaandika kwamba ngazi ni zangu na sikumwaga. Ndiyo kweli yenyewe. Watanifukuza, basi." Aliongea kama mtu anayehesabu vituo vya treni. Miezi sita ilikuwa imebaki miwili na nusu.

Nilitazama namba ukutani. Mbele yetu kulikuwa na watu saba. Ningeweza kunyamaza. Mkono ulikuwa unauma, na mtu anayeumwa haulizwi sana.

"Andika hivi," nikasema. "Athumani alijua tangu jana alasiri kwamba ngazi zitaganda. Mwenzake alimuuliza. Akamjibu kesho ni kama leo."

Kalamu ikasimama.

"Mzee, nafasi hapa ni mistari miwili."

"Andika kwa herufi ndogo."

Aliandika. Ana mwandiko mzuri, wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo, nikauonea wivu hata huo. Alipomaliza aliuliza, bila kuinua kichwa, "Kwa nini?"

"Kahawa."

"Kahawa?"

"Na trekta. Na kuingia ndani. Mimi sijawahi kuingia ndani, Deo."

Namba ukutani ikabadilika mara mbili. Kisha akasema, "Binti zangu wananipigia kila Jumapili. Wanauliza, baba, theluji imefika? Niliwaambia kazi yangu ni theluji, wakashika hilo: theluji ikifika ndipo na wao watakuja. Kila Jumapili nawaambia bado. Na wewe, mtu mzima, mtu wa reli yetu, umewauza kwa kikombe cha kahawa."

Nilishukuru kwamba mkono uliendelea kuuma. Ulinipa kitu cha kutazama.

Baadaye, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nilitoa tambara mfukoni kwa mkono wa kushoto, nikamweleza yote: kulowesha, kukamua, ngazi ya chini kabisa, mbingu ikipasuka. Nikamweleza Veikko na sentensi yake ndefu. Deo alisikiliza amekunja mikono.

"Siri yote hiyo," akasema, "ni tambara la deki."

"Ndiyo."

"Mama yangu angecheka hadi akae chini."

Lakini alilichukua. Alilikunja vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, bila shaka.

Wiki iliyofuata msimamizi aliniita. Ripoti ilikuwa mezani. "Athumani, hii umeiandika mwenyewe?"

"Nimeisema. Ameiandika yeye."

"Na hii ya chini?"

Chini ya maneno yangu, pembeni kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo kuliko zote, Deo alikuwa ameongeza: Ngazi zilikuwa zangu. Nilitazama ukuta, sikugusa jiwe. Sasa nagusa.

Msimamizi alivua miwani. Aliniambia kwa sauti ileile ya upole kwamba kwa miaka yote alidhani mimi ni mvivu kidogo lakini ni mtu wa kuaminika, na sasa anajua kwamba iliyo kweli ni nusu ya kwanza tu. Ilinichoma kuliko kama angenipigia kelele. Lakini alisema amemwona mwenyewe kijana akigusa mawe kila alasiri. Mwisho wa mwezi wa tatu Deo alipata barua yake.

Mimi nilikuwa nyumbani, mkono uliovunjika umefungwa plasta ngumu. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa likizo ya ndoto: kochi, blanketi, chai. Nikafaidi wiki saba. Wiki ya nane, mwezi wa tatu huo, watu wameshaanza kuuliza habari za kiangazi, nikaamka nikaona dari la chumba limekuwa jeupe kwa mwanga wa nje. Theluji! Ile iliyonisusa msimu mzima ilikuja sasa, ya magoti, laini, ya kusukuma. Nikakaa dirishani, plasta kwenye kizingiti, nikamwona Deo anapita ndani ya kibanda chekundu, anazunguka, anarudi nyuma, hagongi nguzo yoyote. Alinipungia mkono. Nilimpungia plasta. Mama Zuhura akaleta chai akasema, "Kunywa, mwanangu, ipo siku na wewe utaendesha."

Jioni Deo alikuja na kifuko cha karatasi. "Bibi Majken ameleta maandazi sita." Nikahesabu matano. "Moja nimekula njiani," akasema. "Tumelipana."

Plasta ilipotoka nilikwenda kumshukuru Majken. Nikagonga dirisha kwa mazoea. Akafungua mlango. Nikasimama hapo nje, buti miguuni, nikamwambia sasa nimepona. Nikamuuliza pia, maana nilikuwa nimeshaaibika kiasi kwamba aibu moja zaidi si kitu: miaka yote hiyo, mbona mimi ni dirishani?

Alishangaa. "Athumani, kila mara nilikuachia mlango wazi. Wewe hukuwahi kuvua viatu."

Nilitazama miguu yangu. Hapa kwao mtu haingii na viatu, na anayevifungua kamba ndiye anayesema anakaa. Deo, siku ya kwanza kabisa, alivua buti zake mlangoni. Mimi kwa miaka ishirini nilisimama nimefunga kamba hadi juu, nikingoja nialikwe. Nikainama nikazifungua. Kwa mkono mmoja dhaifu ilichukua muda, na yule bibi alingoja.

Miaka iliyofuata theluji ilikuja ya kutosha hata kunikomesha. Mkono wangu haukurudi kuwa ule wa zamani, kwa hiyo Deo alitangulia na trekta, nami nikafuata nyuma na koleo kupangusa kona. Espérance na mabinti walifika wakati wa theluji, kama walivyokuwa wameahidiwa, wakahamia Jakobsberg, kitongoji kingine cha Stockholm. Nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege, safari yangu ndefu kuliko zote muongo ule. Yule mdogo aligusa theluji akaniuliza kama mimi ndiye mzee wa tambara. Nikasema ndimi. Siku hizi nikimsalimu Kiswahili ananijibu Kiswidi, na Kiswidi chake kinapita changu.

Sasa Deo ndiye mkubwa wa pale, na nyinyi mko chini yake. Nawatazama kutoka dirishani. Kila alasiri mbingu ikipasuka namwona analitandaza lile tambara kwenye ngazi ya chini, anasubiri, analiinua kwa ncha moja. Halafu ananipigia simu: "Mzee, limekakamaa. Usitoke leo."

Lakini mimi nina tambara langu jingine, nimelitandaza kwenye saruji ya baraza yangu, na baraza yangu inatazama kaskazini, inaganda mapema. Likianza kushika kingo tu nashika simu, nampigia mimi kwanza: "Deo, mwaga changarawe, na uwaambie vijana." Siku akinitangulia, sipokei.